Kabla ya Kuifungua Kadi Inayochemka

Nyuzi 84 zikionekana kwenye skrini, bado hazijasema kama kadi ya grafiki ni nzima au mbovu. Zimesema tu kwamba ndani ya chipu pana joto la nyuzi 84. Hata hivyo nambari hiyo peke yake inatosha kumfanya mchezaji wa gemu abebe kadi yake hadi kwa fundi, aombe pesti ibadilishwe, alipe, arudi nyumbani, na baada ya wiki akute feni zinanguruma vilevile. Ninachoshauri hapa ni njia nyingine. Kadi inayochemka ichunguzwe kwa pengo lililopo kati ya joto lake na joto la hewa inayoivuta, wala si kwa joto lake tupu. Pengo hilo likipimwa kwa utaratibu, humwonyesha mwenye kompyuta ni kiungo gani kimeshindwa kazi hata kabla bisibisi haijaguswa. Kuifungua kadi ni hatua ya mwisho, na wanaoifanya ya kwanza huvutwa na ukweli kwamba ndiyo pekee inayofanana na matengenezo.

Tuanze na umeme, maana ndiko joto linakotoka. Kadi ya grafiki haina mahali pa kuuweka umeme inaoumeza. Karibu wote hutoka ukiwa joto. GeForce RTX 3060 imepangiwa wati 170, RTX 3080 wati 320, na RTX 4090 wati 450. Joto hilo lina njia moja tu ya kupita: linatoka kwenye chipu, linaingia kwenye pesti, linapanda hitisinki yenye mirija ya shaba na mapezi membamba ya alumini, linachukuliwa na hewa iliyomo ndani ya kasha, kisha hewa ya chumba, na mwisho linatoka nje ya nyumba. Feni, hata ingekuwa kubwa namna gani, haiwezi kuishusha kadi chini ya joto la hewa inayoivuta. Inachoweza ni kupunguza pengo. Na pengo lenyewe hupanda na kushuka pamoja na wati: kadi inayotumia wati 320 na kukaa nyuzi 48 juu ya hewa inayoivuta, ikipunguziwa hadi wati 160 huku feni zikizunguka kwa kasi ileile, itakaa karibu nyuzi 24 juu yake.

Hapo ndipo mashauri mengi yanayotoka mbali yanapowapotosha wasomaji wa kwetu. Wahakiki wa Ulaya na Marekani kwa kawaida hupima kadi katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 25, na nambari zao husambaa duniani bila chumba kutajwa. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 siku baada ya siku, na chumba cha bati kisicho na dari huzidi hapo. Kadi iliyosoma nyuzi 68 katika chumba cha nyuzi 22 itasoma 79 katika chumba cha nyuzi 33 bila kuwa na ugonjwa wowote. Pengo lake ni 46 huku na 46 kule. Sasa ichukue nambari hiyohiyo 79 uipeleke Iringa mwezi wa Julai, katika chumba cha nyuzi 17. Pengo limekuwa 62, na kama ni kadi ya aina ileile, yenye wati zilezile na kasi ileile ya feni, basi hiyo ya Iringa ndiyo yenye kasoro, ingawa mwenyewe hajawahi kuona nambari ya kumtisha.

Kipimo basi kinahitaji vitu viwili: kipimajoto cha chumba, hata kile cha bei rahisi, na programu ya kusoma vihisi vya kadi. HWiNFO na GPU-Z zinapatikana bure na zinatosha. Kipimajoto kiwekwe mbele ya matundu ambako kasha linavuta hewa, wala kisiwekwe juu ya kasha ambako hewa moto inatoka. Chagua gemu moja inayoitesa kadi, na ndani yake sehemu moja unayoweza kuirudia, ukiwa na mipangilio ileile ya picha. Cheza mpaka mstari wa joto uache kupanda, jambo ambalo kwa kawaida huchukua dakika 20 hadi 30. Kipimo cha dakika tano hukamata hitisinki ikiwa bado inapata moto. Kisha andika joto la chumba, joto la chipu, wati, kasi ya chipu kwa megahezi, na asilimia ya kasi ya feni. Hiyo ya mwisho wengi huiacha, na ndiyo inayoficha mengi. Kadi mbili zinazosoma nyuzi 75, moja ikiwa na feni kwenye asilimia 45 na nyingine kwenye asilimia 100, hazina hali moja. Ya pili imeshatumia akiba yake yote ya kujipoza. Usitegemee FurMark peke yake kwa kazi hii, kwa kuwa huilazimisha kadi kubeba mzigo ambao ni nadra gemu kuubeba, na unachotaka kujua ni hali ya kadi katika matumizi yako. Na kadi ikikaa nyuzi 50 bila gemu yoyote kuchezwa, usihangaike. Nyingi za siku hizi husimamisha feni zao kabisa mpaka joto lifike kiwango fulani, mara nyingi kati ya nyuzi 50 na 60.

Mtu anaweza kuuliza: kama mtengenezaji mwenyewe anaruhusu joto kubwa, kwa nini tujisumbue na mapengo? Ni kweli anaruhusu. NVIDIA inataja nyuzi 94 kuwa kikomo cha GTX 1060, 93 kwa RTX 3080 na 90 kwa RTX 4090. AMD, ilipotoa RX 5700 mwaka 2019 na wanunuzi wakashtuka kuona nyuzi 110 kwenye sehemu ya chipu yenye moto mkali kuliko zote, ilieleza kwamba hicho ni kiwango kilichotarajiwa. Kadi za sasa pia zinajilinda zenyewe. Tangu GTX 680 ya mwaka 2012, kadi za NVIDIA zimekuwa zikipandisha na kushusha kasi yake kufuatana na joto na umeme, na nyingi huanza kujizuia kwa nguvu zinapokaribia nyuzi 83. Kwa hiyo kifo cha ghafla si hatari kubwa. Lakini kujilinda huko kuna bei, na anayelipa ni mchezaji. Megahezi zinashuka, fremu zinapungua, picha inakatakata wakati gemu imekolea, feni zinakwenda mbio saa zote na kuchakaa mapema. Kapasita za elektroliti nazo, kwa kanuni ya kawaida ya mafundi wa elektroniki, hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Tena, kadi inayoishi kwenye ukingo mwezi wa Julai haina pa kukimbilia ifikapo Februari. Pengo hukuonya mapema. Kikomo cha mtengenezaji hukuonya ukiwa umeshachelewa.

Kuna jambo la kuliondoa njiani hapa. Kompyuta inayozima ghafla, kama vile umeme umekatika, mara nyingi haijazimwa na joto la chipu ya grafiki. Ukiona ilizima kadi ikiwa kwenye nyuzi 70, tazama pawa saplai, waya zake na viunganishi vyake, kisha joto la prosesa. Harufu ya plastiki inayoungua nayo ni kesi nyingine kabisa: zima, chomoa, kagua mahali waya wa umeme unapoingia kwenye kadi. Mwaka 2022 viunganishi vya pini 16 vya baadhi ya RTX 4090 viliyeyuka, na uchunguzi uliofuata ulielekeza kidole zaidi kwa viunganishi ambavyo havikuingizwa mpaka mwisho. Hakuna pesti ya kuponya hilo.

Ukishapata pengo la kwanza, fanya jaribio ambalo halina gharama na ambalo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko mengine yote. Ondoa ubavu wa kasha, urudie gemu ileile kwa muda uleule katika joto lilelile la chumba. Kadi ikishuka kwa nyuzi nane, kumi au zaidi, umeshapata jibu: kadi ni nzima, kasha ndilo linaloinyima pumzi. Ikishuka kwa nyuzi moja au mbili tu, kasha halina hatia, na tatizo limo kwenye kadi yenyewe. Hakuna fundi anayeweza kutofautisha hali hizi mbili kwa kuitazama kadi iliyolala mezani, kwa sababu mezani kasha halipo. Ndiyo maana kadi nyingine hupimwa dukani, ikaonekana njema, ikarudi nyumbani ikachemka tena. Kuongeza feni ndani ya kasha lisilo na mlango wa hewa ni sawa na kupiga deki kwa maji yaleyale machafu ya ndoo: kazi inafanyika, kelele inasikika, sakafu haitakati.

Kasha likipatikana na hatia, chunguza linavyopitisha hewa. Makasha yanayopendwa siku hizi, yenye kioo mbele na taa za rangi, mara nyingi huvuta hewa kupitia ufa mwembamba pembeni mwa kioo, na nyuma ya ufa huo kuna kichujio kilichojaa vumbi. Osha kichujio, kikauke kabisa, kisha pima tena kabla ya kununua chochote. Hewa iingie kwa mbele au chini, itoke kwa nyuma na juu. Feni mbili zinazopuliziana hazisaidii. Kasha lililosukumwa ukutani, lililofungiwa kwenye kabati la televisheni au kuwekwa sakafuni juu ya zulia huvuta hewa ileile lililoitoa. Liondoe ukutani kwa upana wa kiganja, linyanyue kutoka sakafuni. Angalia pia nafasi iliyo chini ya kadi, kwani feni zake huvuta kutoka upande huo, na kadi nene iliyokaa karibu kabisa na kifuniko cha pawa saplai hukabwa hata kasha likiwa kubwa.

Kwa nini basi usiache ubavu wazi siku zote, umalize? Wapo wanaofanya hivyo na nyuzi zao zinapungua kweli. Tatizo ni kinachoingia. Nyumba zetu zina vumbi la barabara, mende, mijusi na watoto wenye vidole vyepesi, na zilizo karibu na bahari zina chumvi hewani inayokula metali taratibu. Kasha lililofungwa vizuri, lenye vichujio mbele na hewa inayoingia kwa wingi kuliko inayovutwa nje, hudhibiti vumbi linapita wapi. Feni ya mezani iliyoelekezwa kwenye kasha wazi nayo inafaa kwa wiki moja ukisubiri vifaa, lakini ukiigeuza kuwa suluhisho la kudumu utakuwa unaipulizia kadi vumbi la chumba kizima.

Vumbi lenyewe linahitaji kutajwa kwa undani, kwa kuwa la pwani si sawa na la bara. Penye unyevu mwingi, na pengine moshi wa mafuta kutoka jikoni, halibaki unga wa kupeperuka. Linashikana kati ya mapezi ya hitisinki likawa kama blanketi, na feni zikiwa zinazunguka mbele yake huwezi kuliona. Mulika kwa tochi kupitia nafasi za feni. Ukiliona, zima kompyuta, chomoa waya, itoe kadi, na uipulizie kwa blowa ndogo kutoka upande ambao hewa hutokea. Shikilia mabawa ya feni kwa kidole ili yasizungushwe na upepo, maana kuyazungusha kwa kasi kupita kiasi huharibu beringi. Brashi laini inasaidia pale palipoganda. Kitambaa chenye maji kisitumike, wala mashine ya kufyonza vumbi isigusishwe kwenye bodi, kwa sababu ya umeme tuli. Ukiipeleka kwa fundi mwenye kompresa ya gereji, mwombe kwanza amwage maji yaliyomo kwenye tangi na apulizie karatasi kavu mbele yako. Katika hewa ya unyevu tangi la kompresa hukusanya maji, na bomba hutema matone pamoja na hewa. Baada ya kusafisha pima tena, kwa utaratibu uleule.

Tuseme sasa kasha linapumua, kadi ni safi, na pengo bado ni kubwa. Wengi wangefungua kadi hapa. Mimi ningepunguza wati kwanza. MSI Afterburner, au programu ya AMD inayokuja na draiva, ina kikomo cha nguvu kinachoshushwa kwa kusogeza kitufe kimoja. Kukiteremsha hadi asilimia 80 hupunguza joto kwa kiasi kinachoonekana, na mara nyingi fremu zinazopotea ni asilimia chache tu. Sababu ni kwamba watengenezaji hushindana kwa nambari za juu kabisa, na nambari hizo hupatikana kwa kuisukuma chipu mpaka mahali ambapo kila megahezi ya ziada inadai volti nyingi. Umeme unaotumiwa na chipu inapofanya kazi hupanda kwa mraba wa volti: punguza volti kwa asilimia 10 bila kubadili kasi, na sehemu hiyo ya wati inashuka kwa asilimia 19. Kupunguza volti kwa mkono kunataka subira zaidi ya kushusha kikomo, kwa maana ni lazima ujaribu hatua kwa hatua, lakini ndiko kunakoleta faida kubwa bila kupoteza kasi.

Pingamizi linalokuja hapa naliheshimu: nimelipia kadi nzima, kwa nini niitumie nusu? Jibu ni kwamba kadi inayochemka haikupi kadi nzima hata sasa. Inajipunguza yenyewe, bila mpango, katikati ya pambano, wakati ambapo ungependa isifanye hivyo. Ukiipangia wewe, inashika kasi moja tulivu. Wengine huogopa kwamba kugusa volti kutaiunguza kadi. Kinachounguza ni kuongeza. Volti ikipunguzwa mno, gemu hufunga au draiva hujizima, unaanzisha kompyuta upya na kupandisha kidogo. Hakikisha tu programu haijapangiwa kuweka mipangilio hiyo yenyewe kompyuta inapowaka, mpaka umeridhika kwamba imetulia. Na kuna faida inayofika hadi kwenye mita: wati 100 zilizopunguzwa, kwa saa nne za kucheza kila siku, ni yuniti 12 za Luku au tokeni kila mwezi.

Kikomo cha fremu kiende sambamba na kikomo cha nguvu. Skrini ya hezi 60 haiwezi kuonyesha fremu 200 kwa sekunde. Hizo 140 zilizobaki zinageuka joto bila mtu kuziona. Menyu za gemu ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa picha zake ni nyepesi na kadi huzichora kwa kasi isiyo na maana. Julai 2021, katika majaribio ya gemu ya New World, baadhi ya kadi za RTX 3090 zilikufa mikononi mwa wachezaji. EVGA, ambayo kadi zake ndizo zilizotajwa zaidi, ilieleza baadaye kwamba kasoro ilikuwa kwenye lehemu ya sehemu ya umeme ya kadi hizo, na Amazon Games ikaongeza kikomo cha fremu kwenye menyu. Kasoro ilikuwa ya kadi, nalisema hilo wazi ili gemu isionewe. Lakini mchezaji aliyeweka kikomo chake mwenyewe alikuwa na mzigo mdogo zaidi wa kuibua kasoro hiyo.

Zikibaki sababu za ndani ya kadi, vihisi vinaweza kukuambia ufungue ukitafuta nini. Kadi nyingi huonyesha joto la wastani la chipu na, kando yake, joto la sehemu yenye moto mkali zaidi. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 kati ya hizo mbili ni ya kawaida. Ikizidi 25 au 30 huku wastani ukionekana mzuri, hitisinki haigusi chipu sawasawa, au pesti imesukumwa pembeni kwa miaka ya kupanuka na kusinyaa. Mfano mzuri wa nguvu ya kipimo hiki ni Radeon RX 7900 XTX iliyotoka Desemba 2022. Wanunuzi wa kadi zilizotengenezwa kwa muundo wa AMD yenyewe waliona sehemu hiyo ikifika nyuzi 110 huku wastani ukiwa mbali chini. Mjerumani Roman Hartung, anayejulikana kama der8auer, alionyesha kwamba joto lilibadilika kadi ilipogeuzwa mkao, jambo lililoashiria chemba ya mvuke iliyomo kwenye hitisinki. Januari 2023 AMD ilikubali kwamba baadhi ya chemba hazikuwa na maji ya kutosha. Waliokuwa wamebadilisha pesti walipoteza muda wao, na waliokuwa na vipimo walikuwa na hoja ya kudai kadi nyingine.

Memori nayo ina kesi yake. RTX 3080 na 3090 hutumia memori ya GDDR6X, ambayo hujipunguza kasi inapofika karibu na nyuzi 110, na HWiNFO huonyesha joto lake. Chipu ikiwa kwenye nyuzi 68 na memori kwenye 108, pesti haihusiki hata kidogo. Pedi zinazounganisha memori na hitisinki ndizo zilizochoka. Kadi za namna hii ziliingia kwa wingi kwenye soko la mitumba baada ya tarehe 15 Septemba 2022, siku ambayo Ethereum iliachana na uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki. Kuna imani kwamba kadi yoyote iliyochimba sarafu imekwisha. Sikubaliani nayo kwa ujumla wake. Wachimbaji wengi walipunguza wati ili kuokoa umeme, na mzigo usiobadilika hauichoshi chipu kama kupanda na kushuka kwa joto kila siku. Vinavyochakaa ni feni zilizozunguka bila kupumzika, pesti na pedi. Kabla ya kulipa, omba ichezewe gemu dakika 20 mbele yako ukitazama chipu, memori na asilimia ya feni. Muuzaji anayekataa amekujibu.

Kadi iliyo ndani ya dhamana usiifungue. Irudishe pamoja na karatasi ya vipimo. Isiyo na dhamana, iwashe kwanza dakika chache ili pesti ya zamani ilainike, kisha zima, itoe, na ulegeze skrubu kwa kukingamisha, kidogo hapa kidogo pale. Inua taratibu, kwa kuwa waya za feni ni fupi na zimeunganishwa kwenye bodi. Pima unene wa pedi za zamani kabla ya kununua mpya, kwani tofauti ya nusu milimita inatosha kuinyanyua hitisinki isiguse chipu, na kadi itarudi ikiwa na joto zaidi kuliko ilivyokuwa. Pesti ya kawaida kama Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 inatosha, na karatasi ya Honeywell PTM7950, inayolainika kwa joto, haisukumwi pembeni kwa urahisi. Ile ya metali kimiminika iache: ina galiamu, inapitisha umeme, na inakula alumini.

Watasema wengine kwamba haya yote yangekwisha kwa kiyoyozi. Chumba kikishuka kwa nyuzi nane, kadi itashuka kwa karibu nyuzi nane, na mwenye uwezo afanye hivyo. Ila kiyoyozi hakizibui njia iliyoziba. Kinateremsha tu mahali pa kuanzia, kwa bili ya kila mwezi. Wenye kumbi za gemu wapige hesabu kabla ya kununua. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 huondoa takriban wati 2,600 za joto. Kompyuta sita zinazotumia wati 450 kila moja zinamwaga wati 2,700 chumbani, kabla hujahesabu skrini, taa, miili ya wachezaji na jua la ukutani. Katika ukumbi kama huo, kupunguza wati 100 kwa kila kompyuta ni sawa na kuondoa zaidi ya kompyuta moja nzima, na hakugharimu shilingi.

Ukifika kwa fundi hatimaye, mpe karatasi yenye joto la chumba, la chipu, la memori, wati na asilimia ya feni, ubavu ukiwa umefungwa na ukiwa wazi, na mkubaliane kwamba kazi itapokelewa kwa kipimo kilekile. Pengo likiwa halijapungua baada ya pesti na pedi mpya, mirija au chemba ya hitisinki imekufa, na kinachotakiwa ni hitisinki nyingine kutoka kadi ya modeli ileile. Na kama skrini inatoa madoa ya rangi au mistari hata kadi ikiwa kwenye nyuzi 55, kataa pendekezo la kuichoma kwa hewa moto ili iamke. Hapo chipu, memori au lehemu yake imeharibika. Kuichoma kunaweza kuirudisha kwa siku kadhaa, muda unaotosha kumalizia malipo, na fedha hiyo ingefaa zaidi kuwekwa kwenye kadi nyingine ya wati chache.